Jirani hasikii wimbo, anasikia besi

Mtu akigongewa ukuta usiku na jirani kwa sababu ya muziki, kitu cha kwanza anachokimbilia ni sponji ya kubandika ukutani. Anabandika upande mzima, chumba kinapendeza kama studio, anaongeza sauti kidogo kwa kuwa sasa amejikinga, na ukuta unagongwa tena. Sponji haina kosa, imepewa kazi isiyo yake. Sponji, mapazia mazito na zile trei za mayai hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako, tena mwangwi wa sauti nyembamba zaidi. (Trei za mayai hata hilo hazilifanyi vizuri.) Kuizuia sauti isivuke kwenda kwa jirani ni habari nyingine kabisa.

Jiweke upande wa pili wa ukuta. Maneno huyapati, gitaa hulisikii. Kinachofika ni dum, dum, dum. Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake, na kila masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani Hz) yanaposhuka kwa nusu, ukuta uleule hupoteza takriban desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) za uwezo wake. Kutoka 1000 Hz, nusu mara nne, unafika karibu 62 Hz, na kufikia hapo desibeli 24 hivi zimeshapotea. Tena wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8.6. Kulizuia kwa sponji ya sentimita 5 ni kuzuia mafuriko kwa ufagio.

Kwa hiyo mimi huanza na swali moja tu: tutafanyaje sauti iwe kubwa masikioni mwako bila kuwa kubwa ndani ya jengo?

Jibu la kwanza halina gharama: sogea. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kati yako na spika kwa nusu, unapata desibeli 6 za bure. Chumbani faida hiyo hupungua kwa sababu kuta nazo zinakurudishia sauti, lakini bado ipo. Weka spika mbili zikiachana mita 1, nawe uwe mita 1 kutoka kwa kila moja, spika ndogo za juu zikielekea masikio. Kisha shusha sauti hadi ufurahie vilevile ulivyokuwa ukifurahia ukiwa mita 3 kwenye kochi. Kila desibeli uliyoshusha, jirani naye ameshushiwa.

Kwa sabufa, ile spika ya besi, fanya hivyo hivyo lakini kwa ukali zaidi. Wengi huiweka kwenye kona kwa sababu huko inanguruma. Inanguruma kweli: kila sakafu au ukuta ulio karibu nayo unaweza kuongeza hadi desibeli 6 za besi, na kona ina nyuso tatu. Itoe hapo. Iweke ubavuni au nyuma ya kiti chako, kama nusu mita, kisha uishushe. Usipoishusha umehamisha fanicha tu. Ukiona besi imekuwa nyembamba pale inapokutana na zile spika mbili, geuza swichi ya fezi (inayopindua wimbi) nyuma ya sabufa. Mara nyingi ni hiyo tu.

Sasa njia ya pili ya sauti, ile ya miguuni. Boksi la sabufa hutetemeka, likakabidhi mtetemo kwa sakafu ya zege, na zege haiusambazi kwa jirani wa chini peke yake. Dawa ni kulikalisha boksi juu ya kitu laini, ila ulaini huo una hesabu. Chukua idadi ya milimita ambazo mpira au springi inabonyea ikibeba mzigo, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 15.8 kwa jibu hilo. Ukibonyea milimita 1, mfumo wako unacheza kwenye 16 Hz. Ukibonyea milimita 4, unacheza kwenye 8 Hz. Kinga huanza tu juu ya mara 1.4 ya namba hiyo. Chini ya hapo hakuna kinga, na penye namba yenyewe mtetemo unaongezeka. Nikitaka kuzuia 30 Hz kwa maana, nalenga 10 Hz au chini, yaani kubonyea milimita 2.5 au zaidi.

Hapa ndipo vipande vya mpira vya dukani huangusha watu. Vimetengenezwa kwa mashine nzito, wewe unaweka spika ya kilo 6 juu yake, havibonyei hata nusu milimita: ni sawa na kuiweka kwenye mbao. Au kinyume chake, mpira laini mno umebanwa hadi umekuwa kama sarafu, hauchezi tena. Ninachopendelea ni bamba zito la zege au mbao nene chini ya sabufa, na springi nne chini ya bamba, zilizochaguliwa kwa uzito wa vyote viwili pamoja. Jaribu kwa kidole: sukuma pembe ya juu ya boksi na uachie. Likiyumba polepole kama mtumbwi, vizuri. Likikataa kutikisika, mpira ni mgumu. Hakikisha pia hakuna pembe inayogusa ukuta, maana mguso mmoja tu unatosha kuiharibu kazi yote. Ile misumari yenye ncha iliyokuja na spika iache kwenye katoni lake.

Lakini springi huzuia mtetemo wa miguuni tu. Besi iliyoko hewani bado inasukuma sakafu, dari na kuta moja kwa moja. Hiyo inapunguzwa kwenye ikwalaiza, kifaa au programu ya kupandisha na kushusha kila masafa peke yake.

Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Ndiyo maana usiku, ukisikiliza kwa upole, mkono unakwenda wenyewe kuongeza besi, na baadhi ya amplifaya zina kitufe cha kukufanyia hivyo. Kizime. Fanya kinyume: kata kila kitu chini ya 55 au 60 Hz kwa mteremko wa desibeli 24 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Usiguse eneo la 100 hadi 200 Hz. Noti ya besi ya 50 Hz huja na wenzake, 100, 150 na 200 Hz, na ubongo ukiwasikia hao hujaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Utahisi besi imepungua mwili, si kwamba imetoweka. Jirani amepungukiwa na sehemu iliyokuwa ikimtesa zaidi. Kwenye Windows programu ya Equalizer APO inafanya kazi hii bure.

Kisha mhusishe jirani mwenyewe. Mpigie simu mchana, piga toni (sauti ya masafa mamoja tu) moja moja kuanzia 30 hadi 120 Hz, ukipanda kwa 5, naye akuambie ipi inavuma. Chumba chake nacho kina masafa yanayolikuza wimbi: gawanya 343 (kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde) kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Chumba cha mita 4 kinavuma karibu na 43 Hz. Mwombe asisimame katikati, kwa kuwa hapo wimbi hilo hufifia. Alale kitandani, kichwa kikiwa ukutani, panapovuma zaidi na ndipo analala kweli. Akikutajia 45, kata 45 kwa desibeli 8 hadi 10, ukiweka Q (namba inayoonyesha mkato ni mwembamba kiasi gani) kati ya 4 na 5. Rudia toni hiyo. Kisha pandisha sauti ya muziki taratibu hadi aseme "hapo nasikia", rudi nyuma kidogo, na utie alama kwenye kitufe cha sauti. Usiku jengo limetulia na kelele za kufunika hakuna, kwa hiyo alama ya usiku iwe chini zaidi.

Ukipima kwa simu, angalia programu inapima kwa mizani gani. Mizani ya A, inayoiga sikio, hupunguza karibu desibeli 26 kwenye 63 Hz na 39 kwenye 31.5 Hz, kwa hiyo inakuambia "kimya" wakati glasi za jirani zinacheza kabatini. Weka mizani ya C, ambayo haiipunguzi besi kiasi hicho.

Nyufa hazihusiani sana na besi, lakini hupitisha maneno na ngoma za juu. Mlango wa sentimita 90 kwa mita 2 wenye upenyo wa sentimita 1 chini yake umeacha wazi nusu ya asilimia ya eneo lake, na hiyo tu inaufunga usizidi kinga ya desibeli 23, hata ungekuwa wa chuma. Weka mpira wa kuziba pande zote na kizingiti chini. Matundu ya mabomba na nyaya yajaze silikoni inayobaki laini.

Kujenga ukuta wa pili, fremu isiyogusa wa zamani, pamba ya madini ndani na tabaka mbili za jipsamu ya milimita 12.5, kunasaidia, ila skrubu moja inayofika ukuta wa zamani inakurudisha nyuma, na sakafu bado inapitisha. Kwa mpangaji, sishauri.

Baada ya saa nne usiku, hedifoni za kufunika sikio zilizozibwa nyuma. Zile za wazi huvuja. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu. Anayekosa mtikisiko wa kifuani afunge kitikisaji kidogo chini ya kiti na akipe mawimbi ya chini ya 80 Hz pekee. Miguu ya kiti nayo ikae juu ya springi au mpira kwa hesabu ileile ya milimita, la sivyo jirani wa chini ataipata besi ambayo hata wewe huisikii.