Je, wajua kwa nini kijito cha msituni hakitibuki kama mfereji wa shambani?

Mvua kubwa ikinyesha Usambara Mashariki, vijito vilivyo ndani ya msitu wa Amani hutibuka kidogo tu, kisha vikatulia upesi hadi changarawe zikaonekana tena. Teremka mpaka kwenye shamba la mihogo lililopaliliwa likabaki tupu: mvua ni ile ile, lakini mfereji unaotoka humo ni mwekundu. Maji ya huku na ya kule hukutana katika Mto Zigi, ambao ndio unaolijaza bwawa la Mabayani na kuupa mji wa Tanga maji ya bomba.

Waulize wanafunzi wa darasa la nne sababu, nao watajibu kwa sauti moja: miti! Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mti uliosimama juu ya ardhi iliyofagiliwa hauzuii tope, na wakati mwingine huliongeza. Kazi kubwa hufanywa na kile ambacho shule nyingi hukiita takataka: majani makavu, vijiti na mboji iliyolala chini ya miti. Mtoto hataliamini hilo kwa kuandikiwa ubaoni, lakini ataliamini akiliona kwa chupa tatu tupu, kopo moja na ukuta wa darasa lake.

Anza na ukuta, maana hauhitaji maandalizi. Mahali ambapo darasa limezungukwa na ardhi tupu, sehemu ya chini ya ukuta ina utepe wa rangi ya udongo. Wape wanafunzi rula wapime utepe huo unafika wapi. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 30 kwa saa, na likigonga udongo mtupu linaweza kurusha punje hadi kimo cha sentimita 60. Kisha wapeleke kwenye ukuta ulioota nyasi chini yake, wapime tena. (Kupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi nyeusi au ya kahawia ni kuficha ushahidi mzuri, ingawa mwalimu mkuu ana haki yake.)

Kurushwa kwa udongo si hasara yote. Tone likivunja donge la udongo, punje laini hutawanyika na kuziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Juu ya shamba hujengeka ganda jembamba, pengine la milimita chache tu, na mvua inayofuata hukuta mlango umefungwa. Maji yakikosa pa kuzama huanza kutembea, na yakitembea hubeba. Ndiyo maana shamba linaweza kupoteza udongo wake wa juu na bado likawa kavu sentimita 20 chini, siku ile ile ya mvua.

Chupa tatu

Chukua chupa tatu za maji za lita moja na nusu, za aina moja. Zilaze ubavu, kisha kata dirisha la urefu wa sentimita 18 na upana wa sentimita 7 upande wa juu wa kila moja. Shingo na mdomo visiguswe. Mwalimu ndiye akate, kwa kisu kikali, na kingo zifunikwe kwa utepe wa gundi ili zisichane vidole. Upande wa chini toboa matundu sita kwa msumari uliopashwa moto. Maji yatakayozama yatatokea hapo. Ukiyaacha matundu haya, udongo utajaa maji kama chungu, chupa zote tatu zitafurika, na somo litaharibika.

Udongo utoke shimo moja, siku moja, nao uchekechwe kuondoa mawe. Jaza kila chupa mpaka udongo ufikie ukingo wa chini wa mdomo wa chupa, kina cha sentimita 3 hadi 4. Ukiwa chini ya hapo, maji yatatuama nyuma ya shingo na hakuna kitakachotoka. Shindilia kidogo kwa kiganja, kwa nguvu ile ile kwa zote.

Chupa ya kwanza iache na udongo mtupu. Ya pili tandika majani makavu na mboji, unene wa sentimita 2. Ya tatu panda ulezi au ngano, vijiko viwili vya chakula, funika kwa udongo kidogo sana na unyunyizie maji kila siku. Hii ya tatu ianzwe wiki tatu kabla ya somo. Walimu wengi huifanya baada ya siku saba kwa sababu machipukizi yameshaonekana, lakini wakati huo mizizi haijashika kitu, na maji huing'oa mimea pamoja na udongo wake.

Siku moja kabla ya jaribio, loanisha chupa zote kwa mililita 150 za maji. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Udongo uliokauka ukawa vumbi hutenda mambo mawili yasiyotabirika: ama huyakataa maji yakateleza juu, ama huyanywa yote kimya kimya, na chupa tupu ikaonekana bora kuliko zenzake.

Sasa inua kitako cha kila chupa kwa kibao cha sentimita 3 ili mdomo uelekee chini, weka sahani chini ya matundu na glasi chini ya mdomo. Mvua itengenezwe kwa chupa ya nusu lita ambayo kizibo chake kimetobolewa matundu kumi kwa pini. Mwaga mililita 400 kutoka kimo cha sentimita 50, kwa muda wa dakika mbili hivi, ukitembeza mkono juu ya dirisha lote. Hiyo ni karibu sawa na mvua ya milimita 30. Ukimwaga kwa jagi utapata shimo moja katikati na kelele nyingi darasani.

Chupa tupu hutoa maji mapema, tena ya tope. Yenye ulezi au ngano hutoa machache na karibu safi. Yenye majani makavu ndiyo huleta ubishi, kwa kuwa maji yake huwa na rangi ya chai, na wanafunzi huiita rangi hiyo tope. Usiwakatishe. Ziache glasi zote mpaka kesho yake. Tope litatua chini na kuacha tabaka linalopimika kwa rula, lakini rangi ya chai itabaki pale pale, maana ni rangi ya majani yenyewe iliyoyeyuka. Hapo darasa lina jedwali kamili: maji yaliyopita juu, maji yaliyozama, na unene wa tope kwa milimita.

Jaribio hili lina mtego mmoja ambao umewapotosha wengi. Ukichuma majani mabichi mapana, ya mwembe kwa mfano, ukayalaza bapa, yatakaa kama vigae vya paa. Maji yatateleza juu yake yote na kutoka mdomoni, na darasa litaandika kwamba majani huongeza mtiririko. Tumia majani yaliyokwisha kusinyaa na kuanza kuoza, pamoja na lile tabaka jeusi la chini yake. Yaokotwe chini ya miti ya shule au nyumbani. Amani ni hifadhi ya msitu wa asili, na vitu vya hifadhini havichukuliwi bila kibali.

Kopo kama kipimo cha ardhi

Chupa huonyesha, ila hazisemi kitu kuhusu ardhi halisi ya shule. Kwa hilo tumia kopo. Makopo mengi ya maziwa ya unga ya gramu 400 yana kipenyo cha karibu sentimita 10. Ondoa kifuniko na kitako, pigilia kingo zisikate, kisha lizamishe ardhini sentimita 5 kwa kuligonga juu ya kipande cha ubao. Weka jani moja ndani ili maji yasichimbe, mwaga mililita 400, na hesabu dakika hadi yote yazame.

Mililita 400 ndani ya kopo hilo ni kina cha milimita 50, na hapa hesabu za darasa la sita hupata kazi ya maana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo mvua ya milimita 50 hushusha juu ya ekari moja zaidi ya lita 200,000, yaani ndoo zaidi ya 10,000 za lita 20. Acha wanafunzi wajiulize ndoo hizo zinakwenda wapi.

Pima sehemu nne: chini ya mti usiofagiliwa, kwenye bustani, kwenye njia, na kwenye uwanja wa paredi. Chini ya mti maji yanaweza kuisha kabla hujamaliza kuandika saa. Uwanjani kengele ya mapumziko inaweza kulia kopo likiwa bado na maji. Rudia mara ya pili mahali pale pale na uandike muda wa mara ya pili, kwa kuwa wa kwanza hutegemea ukavu wa siku hiyo. Maji yakichuruzika nje kando ya kopo, liliingia upande au limegonga jiwe. Ling'oe, sogea hatua moja, anza upya.

Chini ya mti tofauti hiyo hufanywa na viumbe wadogo zaidi ya wanavyodhani wanafunzi. Nyungunyungu, mchwa na jongoo hula majani yaliyooza, na katika kuhangaika kwao hutoboa njia za maji. Funua mraba wa sentimita 30 chini ya majani na uhesabu viumbe, kisha ufanye hivyo hivyo uwanjani.

Kwa nini basi miti peke yake haitoshi?

Tone likianguka kutoka tawi la mita 8 au 10 linakuwa limekaribia kasi yake kamili. Zaidi ya hayo, majani mapana hukusanya vitone vidogo vikawa tone moja kubwa kabla ya kuliachia. Msaji, yaani mtiki, ni mfano mzuri, na Muheza kuna shamba kubwa la misaji la Longuza. Moto ukipita chini ya misaji na kuteketeza majani makavu, mvua za kwanza huikuta ardhi tupu chini ya matone makubwa, na mmomonyoko hutokea palepale kivulini. Msitu wa asili una vichaka, miche, nyasi na majani makavu, kwa hiyo tone hugongwa mara nne kabla ya kufika.

Kadhalika tuache kuwaambia watoto kwamba miti huleta maji, kauli inayopendwa sana siku ya kupanda miti. Miti hunywa maji, tena mengi, na mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi inaweza kuipunguza. Misitu ya milimani hunasa ukungu, hilo ni kweli, lakini faida kubwa ya msitu kwa mto ni kuyachelewesha maji: yanayozama Aprili hutoka kidogo kidogo miezi ya kiangazi.

Wala shamba si adui. Kihamba cha Wachagga kwenye mteremko wa Kilimanjaro ni shamba, tena la mazao: migomba, kahawa chini yake, magimbi, na miti mirefu iliyoachwa juu kwa ajili ya kivuli. Majani na magome ya migomba hutandazwa chini, si kuchomwa. Jaza chupa ya nne kwa udongo ule ule, utandike magome makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, na uilinganishe na ile ya majani makavu.

Kisha kuna ufagio. Katika shule nyingi, zamu ya usafi hufagia chini ya miti kila asubuhi na majani huchomwa moto. Kuna sababu ya haki: nyoka na nge hupenda kujificha kwenye majani. Kwa hiyo chagua mti ulio mbali na madarasa na njia, pima miraba miwili ya mita moja chini yake, uweke vigingi na kamba. Mmoja uendelee kufagiliwa, mwingine uachwe muhula mzima, na kila mwezi kopo lipigwe katika yote miwili. Jaribio hili likifa, kwa kawaida huuawa wiki ya kwanza na kiranja mwenye bidii, hivyo wape taarifa mwalimu wa zamu na viranja wote kabla ya kufunga kamba, na uandike kwenye kibao kwamba majani yale yasiguswe. Mtu asishike majani kwa mkono mtupu wakati wa kupima. Yafunuliwe kwa kijiti kirefu kwanza.