"Damu nyepesi" ya watu wa pwani, na mengine yasemwayo wakati wa kipupwe

Upepo wa kusi ukishika Lamu, Juni mpaka Agosti, masweta hutoka makabatini na watu wakajikunyata barazani, ingawa joto haliteremki sana chini ya nyuzi 23. Hapo husikika: "Sisi wa pwani damu yetu nyepesi, baridi hatuiwezi."

Chembe ya ukweli ipo, ila imepinduliwa. Anayeishi kwenye joto, mwili wake huongeza maji ya damu, yaani plazima, ili apate cha kutoa jasho na cha kupeleka ngozini. Damu huwa nyepesi kidogo kweli. Lakini badiliko hilo huchukua siku chache tu kutokea, kwa Mwamu, yaani mtu wa Lamu, na kwa aliyeshuka jana kutoka bara. Akienda Limuru, kule bara kwenye baridi, mishipa ya ngozini husinyaa, damu hukusanyika ndani, na figo huyatoa maji yanayoonekana kuzidi. (Ndiyo maana kwenye baridi msalani hakuishi safari.) Basi wepesi wa damu huletwa na mahali ulipo, haurithiwi, wala sio unaokufanya utetemeke.

"Wazungu wamezaliwa na baridi yao." Hili husemwa mtalii anapopita Shela na fulana mwezi wa Julai. Umbo lina sehemu yake: Wainuiti wa Aktiki, ambao wazee wao wameishi kwenye barafu vizazi na vizazi, wana viwiliwili vipana na miguu mifupi, na umbo hilo hupoteza joto polepole. Ila mazoea yana nguvu kuliko wengi wanavyodhani, na ushahidi ninaoupenda hauko Ulaya. Uko Korea, kwa wanawake wapiga mbizi waitwao haenyeo. Zamani walizamia hata msimu wa baridi kali, maji yakiwa karibu nyuzi 10, wamevaa nguo za pamba tu. Watafiti waliowapima miaka ya 1960 walikuta miili yao inazalisha joto zaidi msimu huo na inachelewa kutetemeka. Miaka ya 1970 wakaanza kuvaa suti za mpira; haikupita miaka mingi, uwezo ule ukatoweka. Ukoo ni ule ule na bahari ni ile ile.

"Bahari yetu ina joto, haimtii mtu baridi." Waulize wanaozamia kamba mawe. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, takriban mara 25, kwa hiyo hata bahari ya nyuzi 25 itamtetemesha aliyekaa humo muda mrefu. Kutetemeka ni misuli kujitengenezea joto. Mwili ukishuka kutoka nyuzi 37 za kawaida hadi chini ya 35, vidole havishiki vizuri, ulimi huwa mzito, na akili inayopaswa kusema "panda juu" nayo imeshapungua. Aliyelowa chepechepe ndani ya dau, upepo ukimpiga, yumo hatarini vivyo hivyo. Avue kwanza. Kikoi kikavu ni bora kuliko fulana iliyolowa.

"Kusi huleta mafua"? Mafua huletwa na virusi. Upepo pekee hauna virusi vya kukupa. Lakini bibi zetu hawakukosea kabisa, maana baadhi ya virusi hivyo huzaliana vizuri zaidi pua ikipoa, na kipupwe hutufungisha madirisha tukabanana ndani.

Linalonikera zaidi ni hili: "Mtoto mchanga hafunikwi akatosha." Kweli, kichanga hatetemeki kama mtu mzima, hutegemea mafuta ya kahawia yaliyo shingoni na kati ya mabega, yanayoungua kumpa joto, na akilowa hupoa haraka. Mkaushe mara tu baada ya kumwosha. Lakini sweta, kofia na soksi mchana wa Machi, upepo umelala, ni kumpika. Mguse kifuani au kisogoni: akiwa na jasho, mpunguzie nguo, hata nyanya yake akinuna.