Dawa za sonona na ujauzito: usiziache ghafla

Kipimo kikionyesha mimba, wapo wanaotupa vidonge vya sonona siku hiyohiyo. Nia ni kumkinga mtoto, lakini mwili uliozoea sertralini au paroksetini huanza kudai: kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi kupaa, hisia kama shoti ya umeme kichwani. Hayo hupita. Shida ni sonona ikirudi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulifuatilia wajawazito waliowahi kuugua sonona: walioacha dawa, 68% waliugua tena kabla ya kujifungua, walioendelea, 26%. Mama akiugua hivyo hali chakula vizuri, huruka kliniki, na huweza kujifungua njiti. Hiyo nayo ni athari kwa mtoto, ila haijaandikwa kwenye boksi la dawa.

Ni kweli dawa hizi huvuka kondo. Mama akizitumia hadi mwisho, karibu watoto 3 kati ya 10 huonyesha dalili za muda: kidevu na mikono kutetemeka, kulia kwa sauti kali, kupumua harakaharaka, kushika ziwa na kuliachia. Mara nyingi huanza ndani ya saa 48 na kuisha ndani ya wiki 2 bila tiba. Mkunga ajulishwe kabla ya uchungu, maana sukari ikishuka mtoto hutetemeka vilevile, na asipopimwa moja huchukuliwa kuwa jingine. Abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe kidogokidogo.

Kuhusu hofu kwamba dawa hizi huleta usonji kwa mtoto, tafiti za awali zilitisha. Walipolinganishwa ndugu wa tumbo moja, mmoja akiwa ameguswa na dawa tumboni na mwingine la, tofauti ilipungua sana au ikatoweka. Inaelekea urithi na ugonjwa wenyewe vina uzito zaidi.

Dawa hazilingani, lakini. Paroksetini ina tahadhari ya kasoro za moyo tangu 2005, hivyo anayepanga mimba huanzishiwa nyingine. Valproeti, ya kifafa na ya hisia zinazopanda na kushuka, ndiyo hasa hudhuru ubongo wa mtoto; nayo daktari ndiye huibadilisha.

Dawa inayokufaa haibadilishwi ovyo. Ikibidi kupunguzwa, hushushwa kwa wiki kadhaa, si usiku mmoja. Miezi 3 ya mwisho damu huongezeka mwilini, na dozi ileile huweza kupwaya. Kuipunguza karibu na kujifungua ili mtoto asitetemeke hatushauri: wiki za uzazi ndizo sonona hurudi kwa kishindo, na sertralini hupita kidogo sana kwenye maziwa.