Alois Eliáš, waziri mkuu katika nchi iliyotekwa

Kila ninapofundisha kuhusu viongozi waliobaki madarakani baada ya nchi zao kutekwa, kuna swali haliachi kuulizwa: hao si vibaraka tu? Sipendi kulijibu kwa neno moja. Husimulia habari za Alois Eliáš.

Majeshi ya Ujerumani yaliingia Prague, mji mkuu wa Czechoslovakia, tarehe 15 Machi 1939. Bohemia na Moravia, maeneo ya Wacheki, zikawekwa chini ya himaya ya Ujerumani. Rais Emil Hácha aliachiwa kiti, lakini kauli ya mwisho ikawa ya mwakilishi wa Hitler, Konstantin von Neurath. Mwezi uliofuata Hácha akamteua Eliáš kuwa waziri mkuu, jenerali ambaye Vita Kuu ya Kwanza alipigana upande wa Ufaransa.

Hadharani, Eliáš alitia saini alichotakiwa kutia saini. Kwa siri, aliwasiliana na Edvard Beneš, rais wa zamani aliyekuwa uhamishoni London, na aliwasaidia maofisa wa jeshi kutoroka nchi. Hesabu yake ilikuwa kwamba akiondoka, kiti kitakaliwa na mtu wa kuitumikia Berlin kwa moyo wote. Naiona hesabu hiyo kuwa ya kweli, ila ilikuwa na gharama, na gharama hiyo hatuna haki ya kuificha: amri ya serikali yake iliyochapishwa 1940 iliwafungia Wayahudi milango ya kazi za umma. Waliofukuzwa kazi kwa amri hiyo hawakupata nafuu yoyote kwa sababu waziri mkuu alikuwa na siri njema moyoni.

Septemba 1941 aliwakaribisha ofisini waandishi wa habari waliokuwa wakiwapigia debe Wajerumani. Mezani palikuwa na vipande vya mkate vilivyopangwa nyama na mapambo juu, kama Wacheki wanavyowaandalia wageni. Vilikuwa vimetiwa vijidudu vya maradhi kwa msaada wa daktari. Wageni wakala, wakaugua. Mmoja wao, Karel Lažnovský, alifariki mwezi uliofuata. Mtu aliyekuwa akisubiri na kuvumilia alikuwa amefika mahali pa kuua kwa mkono wake mwenyewe.

Siku chache baada ya mkate ule, tarehe 27 Septemba, Reinhard Heydrich, mkuu wa polisi ya usalama ya Wanazi, aliwasili Prague kushika nafasi ya Neurath, na Eliáš akakamatwa. Kosa aliloshtakiwa halikuwa lile la mkate, bali mawasiliano yake na London. Tarehe 1 Oktoba, baada ya kesi ya saa chache, alihukumiwa kifo. Hakunyongwa wala kupigwa risasi mara moja. Walimweka gerezani miezi minane na zaidi. Makomando waliotumwa kutoka Uingereza walipomuua Heydrich, kisasi kikamfikia na yeye: alipigwa risasi Kobylisy, mtaa wa Prague, tarehe 19 Juni 1942.

Hácha aliendelea kukalia kiti hadi Mei 1945, akakamatwa, akafia gerezani mwezi uliofuata kabla ya kufikishwa mahakamani. Majivu ya Eliáš yalizikwa kwa heshima za kitaifa katika kilima cha Vítkov, Prague, mwaka 2006.