Usukani wa kukunjika, na kwa nini ubapa wake hugoma kushuka

Usukani wa kukunjika ni usukani wa boti ndogo ya tanga ambao ubapa wake huzunguka kwenye bolti moja. Ukigonga mwamba au fungu la mchanga, ubapa hurudi nyuma na kupanda, badala ya kuvunjika au kung'oa rumada, yaani bawaba za usukani, kwenye tezi, sehemu ya nyuma ya boti. Ukikaribia ufuko unaupandisha, ukishatoka kwenye maji mafupi unaushusha kwa kuvuta kamba. Laser, boti ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 4.2 hivi, ina usukani wa namna hii: ubapa umekaa ndani ya kichwa cha alumini, na kamba nyembamba inatoka kwenye ubapa hadi juu ya kana, ule mti anaoushika msukani. Kwenye pwani yetu, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, faida yake haihitaji kuelezwa sana.

Tatizo huja pale unapovuta kamba na ubapa ukaishia njiani. Wengi huona umeshuka vya kutosha wakaendelea na safari. Hapo ndipo penye hatari, maana usukani ulioshuka nusu ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa wima, sehemu kubwa ya ubapa iko karibu na mstari wa rumada, kwa hiyo kana inakuwa nyepesi. Ukiinama kwenda nyuma, maji yanausukuma mbali na mstari huo. Kana inakuwa nzito, mkono unachoka, boti inang'ang'ania kugeukia upepo, na kichwa cha usukani kinasokotwa kwa nguvu ambazo hakikutengenezewa. Baadhi ya vichwa hupasuka kwa sababu hiyo, wala si kwa kugonga mwamba.

Kabla ya kulegeza chochote, tafuta kwanza chanzo. Vua usukani, uweke nchi kavu, kisha uzungushe ubapa kwa mkono. Ukiwa mgumu hata hapo, kinachozuia ni msuguano. Ukizunguka vizuri kwa mkono lakini ukagoma kwa kamba, angalia kamba na njia yake. Na ukishuka vizuri kwa kamba nchi kavu lakini ukagoma baharini, kinachoshindana nawe ni maji yenyewe.

Msuguano ndio unaosumbua zaidi, na bolti iliyokazwa mno ni sehemu tu ya habari. Chumvi na mchanga hujikusanya kati ya ubapa na kuta za kichwa. Bolti ya chuma cha pua ikikaa ndani ya alumini kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe unaojaza nafasi. Ubapa wa plaiwudi hunywa maji na kuvimba, au hupakwa rangi kila mwaka hadi unakuwa mnene kuliko nafasi yake. Fungua kila kitu, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ondoa unga ule, piga msasa pale palipokwaruzika. Mbao ikaushe kivulini hadi ndani kabla ya kuisugua, kisha izibe kwa epoksi. Ukiiacha wazi itavimba tena. Weka washa nyembamba za nailoni pande zote mbili, na nati yenye pete ya nailoni ndani ili isijifungue. Kaza hadi ubapa usicheze kushoto na kulia, basi. Usipake grisi: inashika mchanga na kuwa kama msasa. Nta ya mshumaa inatosha.

Kwenye kamba, hesabu ni ileile ya mlango: ukiusukuma karibu na bawaba unakuwa mzito. Tuseme maji yanasukuma ubapa kwa nguvu ya kilo 4, sentimita 30 chini ya bolti. Kamba iliyofungwa sentimita 4 kutoka kwenye bolti itadai uvute kilo 30. Isogeze hadi sentimita 8, utavuta 15. Pasipo nafasi ya kuisogeza, kapi ndogo inayosogea pamoja na mzigo itaupunguza kwa nusu. Kamba inayokatiza kwenye kona kali, au ya aina inayorefuka ikivutwa, hupoteza nguvu zako kabla hazijafika kwenye ubapa, kwa hiyo tumia isiyorefuka na ulainishe kona.

Yakibaki maji, jibu ni mwendo. Nguvu ya maji huongezeka mara nne kasi ikizidi mara mbili, hivyo anayejaribu kushusha usukani huku tanga limejaa anajitesa bure. Elekeza omo, yaani mbele ya boti, kwenye upepo, legeza demani, ile kamba ya tanga, boti ipoe, ndipo uvute. Ubapa wa mbao au wenye povu ndani huelea na kutaka kupanda wenyewe. Mafundi wengine hutia kipande cha madini ya risasi karibu na ncha, lakini kamba iliyofungwa vizuri hufanya kazi hiyohiyo.

Kamba hiyo isifungwe kwa fundo lisilofunguka, kwani hapo usukani hautakunjika tena. Kuna vibano vya kamba vinavyoachia vyenyewe mzigo ukizidi, na wengine huunga kipande cha kamba ya mpira. Ukimaliza kufunga, sukuma ncha ya ubapa nyuma kwa nguvu ukiwa bado ufukoni: ni lazima ipande.