Kadi ya chama haikufungi mdomo

Hivi karibuni tuliendesha mafunzo ya uraia kwa wanachama wa vyama mbalimbali katika ukumbi mmoja wa Ngarenaro, hapa Arusha. Nilipouliza nani amewahi kumkosoa mwenyekiti wake kikaoni, wote wakainamia madaftari. Baadaye nje, mama mmoja aliyejitanda kilemba cha rangi za chama chake akanivuta pembeni. "Mwalimu, tulichangia bati za ofisi ya tawi tangu mwaka jana. Hata moja hatujaiona. Nikiuliza nitaitwa msaliti, na kwenye kura za maoni jina langu litakatwa."

Hofu hiyo haikuzuka tu. Kwa Katiba yetu ya 1977, ibara ya 67, hakuna anayegombea ubunge bila kupendekezwa na chama. Ibara ya 71 inaongeza kwamba mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa nacho, ubunge umekwisha. Kwa hiyo wanaoweza kukufukuza chamani wanaweza kukuvua kiti ulichopewa na maelfu ya wapiga kura.

Kwa madiwani mambo ni hayo hayo, na Arusha tumeyaona. Mwaka 2011 CHADEMA iliwavua uanachama madiwani wake 5 wa hapa mjini, walioafikiana na CCM kuhusu mgogoro wa umeya kinyume na msimamo wa uongozi wa juu. Mwaka 2013 kata za Kaloleni, Elerai, Themi na Kimandolu zikarudi kwenye uchaguzi mdogo. Nani alikuwa na haki, hilo wanachama wao wanalijua zaidi yangu. Ninachotaka tukione ni jinsi somo lile lilivyowafikia madiwani wa vyama vyote. Juni mwaka huo huo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, iliamua katika shauri la mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi, yaani asiyependekezwa na chama, ni kukiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ibara ya 67 haijabadilika.

Lakini yule mama hana ubunge wala udiwani. Kinachomfunga ni nidhamu ya woga, na hiyo haimo katika ibara yoyote. Ibara ya 18 inampa uhuru wa kutoa maoni, awe na kadi au asiwe nayo. Wana-TANU waliahidi: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Kweli na fitina ziliwekwa kwenye ahadi moja, na mimi naona wazee walikuwa na maana. Tunayoyanong'ona nje ya ukumbi ndiyo yanayogeuka fitina. Yakisemwa kikaoni, mwenye kutuhumiwa yupo na anaweza kujibu.

Nilimshauri aulize habari za bati, asimguse mtu. Amwombe katibu mapema aliweke swali hilo kwenye ajenda, kisha ahakikishe limeandikwa kwenye muhtasari, kwa sababu likishaandikwa, kikao kijacho litarudi lenyewe kwenye yatokanayo, pale yanapofuatiliwa ya kikao kilichopita.

Juzi alinipigia simu. Katibu alisita kuandika, akasema hilo ni dogo, watalimaliza kirafiki. Mama akabaki amesimama, hakukaa mpaka alipoona kalamu inatembea.