Kishikio: kushika obijekti ya kivinjari ukiwa kwenye thredi nyingine

Kazi yangu hapa Mbeya ni kuunganisha mizani na kompyuta, hasa kwa wanunuzi wa kahawa wa Mbozi na Rungwe. Mizani ya ghalani hutoa uzito kupitia waya wa RS-232 (waya wa serial wa kizamani), na karani anataka uzito huo uingie wenyewe kwenye fomu iliyo wazi kwenye kivinjari. Bado kuna kompyuta zinazotumia Firefox 52 ESR (toleo lililohudumiwa muda mrefu, ambalo bado linakubali plagini za zamani), kwa sababu Firefox 52 ya kawaida, iliyotoka Machi 2017, iliacha plagini zote za NPAPI (mfumo wa zamani wa kuongeza programu ndogo kwenye kivinjari) isipokuwa Flash, na plagini ya mizani iliandikwa enzi hizo. Ndiyo maana naendelea kuulizwa kwa nini kivinjari kinajifunga ghafla msimu ukiwa umepamba moto. Mara nyingi chanzo ni kilekile: thredi (mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu) imeshika obijekti (kifurushi cha data kwenye memori) isiyopaswa kuishika.

Kusoma waya wa mizani ni kazi ya kusubiri, kwa hiyo plagini huanzisha thredi ya pembeni. Ukurasa nao huikabidhi plagini fanksheni ya JavaScript ya kuitwa uzito ukifika. Ndani ya C++ fanksheni hiyo ni NPObject, yaani obijekti ya NPAPI, na uhai wake unategemea hesabu: NPN_RetainObject huongeza moja, NPN_ReleaseObject hupunguza moja, ikifika sifuri obijekti inafutwa. Kwenye NPObject hesabu yenyewe ni namba ya kawaida tu, na usitegemee kwamba kila kivinjari kinailinda dhidi ya thredi nyingi. Thredi mbili zikiigusa kwa pamoja bila ulinzi, hii inasoma 2, ile inasoma 2, kila moja inaandika 3, na jibu lilitakiwa kuwa 4. Baadaye kila mmoja anapunguza kama inavyotakiwa, sifuri inafika mapema, na mmoja wao anabaki na pointa (anwani) ya memori iliyokwisha kufutwa. Mara nyingi programu haianguki hapo. Inaanguka baadaye, kwenye msimbo usiohusika kabisa, na ndiyo maana kosa hili linawachosha watu.

Wengi hukimbilia kuweka kufuli, yaani mutex, inayoruhusu thredi moja tu kwa wakati. Haisaidii, kwa sababu kivinjari nacho kinaigusa hesabu hiyohiyo na hakijui kufuli yako ipo. Hata hesabu ikiwa sahihi, bado kuna swali ambalo naona halipewi uzito wake: obijekti inafutwa kwenye thredi ipi? Injini ya JavaScript ya ukurasa huendeshwa na thredi kuu. Ukiachia mshiko wa mwisho wa obijekti yake ukiwa pembeni, umeingia jikoni kwa mwenzako bila hodi, na mwenyewe yumo anapika.

Suluhisho ni klasi mbili ndogo. Ya kwanza ni hifadhi: ina pointa ya NPObject na hesabu yake yenyewe, ya aina ya std::atomic, ambayo thredi nyingi zinaweza kuibadilisha bila kugongana. Ya pili ni kishikio, nacho kina pointa ya hifadhi tu. Ukinakili kishikio, hesabu ya hifadhi inapanda. Kishikio kikifa, inashuka. NPN_RetainObject inaitwa mara moja tu, kwenye thredi kuu, hifadhi inapoundwa. Hesabu ya hifadhi ikifika sifuri, destrakta (fanksheni inayoitwa obijekti inapofutwa) inauliza niko wapi. Ikiwa thredi kuu, inaachia palepale. Ikiwa pembeni, inaituma kazi hiyo kwenye thredi kuu kwa NPN_PluginThreadAsyncCall na kuendelea na yake bila kusubiri jibu.

Mozilla wenyewe wana kitu hichohicho ndani ya Firefox, nsMainThreadPtrHandle, na kuna jambo moja la kwao ninalosisitiza kila mtu aige: ukijaribu kuitoa pointa ya ndani ukiwa nje ya thredi kuu, programu inazimwa papo hapo. Ni ukali unaofaa. Afadhali ianguke mezani kwako, kwenye mstari wenye kosa, kuliko ghalani Vwawa foleni ya magunia ikiwa mlangoni.

Hapa pana mtego. Hesabu ya atomiki inalinda hifadhi. Haikilindi kishikio chenyewe kama kigeu. Thredi moja ikikiandika upya wakati nyingine inakinakili, umerudi palepale. Ndivyo ilivyo hata kwa std::shared_ptr. Kwa hiyo kila thredi ipewe nakala yake inapoanzishwa, wala zisichangie kigeu kimoja cha globali.

Pia NPP_Destroy ikiitwa, yaani kivinjari kinapoifunga plagini, simamisha thredi ya mizani na uisubiri imalize kabla ya kurudi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutuma kazi bila kusubiri: thredi ikisubiri thredi kuu, na thredi kuu ikiisubiri thredi, zote zinakwama.

Kwa kazi mpya situmii tena NPAPI. Chrome ina Web Serial tangu toleo la 89 la 2021, inayosoma mizani bila plagini. Lakini ukiandika moduli ya Node.js (JavaScript inayoendeshwa nje ya kivinjari) kwa C++, sheria ni ileile: napi_ref, yaani mshiko wa obijekti ya JavaScript, haiguswi nje ya thredi ya JavaScript, na njia ya kuvukia ni napi_threadsafe_function.

Kabla ya kupeleka plagini kwa mteja, ijenge kwa majaribio kwa -fsanitize=thread (chaguo la kompaila linalotafuta thredi zinazogongana), weka mzigo kwenye mizani, kisha fungua na kufunga ukurasa mfululizo huku uzito unaendelea kuingia. Chomoa waya wa mizani katikati ya zoezi, kwa sababu makarani huuchomoa.